Mbaraka Mwinshehe: mpiga solo ambaye darasa lake lilikuwa bendi

Kila mwaka, mpunga ukishavunwa na kuuzwa Mwamkulu, maswali ya aina moja huongezeka katika ujumbe tunaopokea kutoka kwa wasikilizaji. Gitaa la umeme linauzwa bei gani? Je, mtu anaweza kujifunza bila mwalimu? Na atatumia muda gani hadi aweze kupiga mbele za watu? Wengi wanaouliza ni vijana. Wana hela ya msimu mkononi, wana simu, na hamu wanayo. Wanachokosa ni mtu wa kuwaonyesha. Chuo cha sanaa kinachojulikana zaidi nchini, TaSUBa, kiko Bagamoyo, upande wa pili wa nchi, na si kila nyumba inaweza kulipia safari hiyo na ada yake.

Badala ya kujibu kwa kutaja bei tu, tumeona tusimulie maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake bado linatajwa kila palipo na gitaa katika nchi hii. Huyo ni Mbaraka Mwinshehe Mwaruka wa Morogoro, aliyefariki dunia Januari 1979 akiwa na umri wa miaka 34 tu. Ndani ya maisha hayo mafupi kuna jibu la maswali mengi ya wasikilizaji wetu, na kuna onyo pia kwa anayetaka kulitegemea gitaa.

Mji uliokuwa na bendi mbili

Mbaraka alizaliwa mwaka 1944. Mwaka huohuo ndio unaotajwa kuwa wa kuanzishwa kwa Morogoro Jazz Band, bendi ambayo baadaye angeiongoza. Wakati huo miji ya Tanganyika ilikuwa tayari na muziki wa dansi. Dar es Salaam Jazz Band ilikuwepo tangu miaka ya 1930, na santuri kutoka Cuba zilikuwa zimeingia Afrika kupitia biashara ya kampuni za Ulaya. Watu walicheza rumba kwenye kumbi na vilabu, na vijana waliokuwa nje ya ukumbi walisikiliza kupitia dirishani.

Morogoro ulikuwa mji wa reli ya kati na wa mashamba ya mkonge, wenye watu wa makabila mengi na mishahara ya mwisho wa mwezi. Mji wa namna hiyo hulisha bendi. Mwaka 1948 Salum Abdallah alianzisha kundi la La Paloma, ambalo baadaye lilijulikana kama Cuban Marimba Band. Hivyo Morogoro ikawa na bendi mbili kubwa, na mashabiki wakagawanyika kama wanavyogawanyika leo kwa Simba na Yanga.

Ushindani huo tunautaja makusudi. Kijana aliyekua Morogoro katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 hakuhitaji kusafiri ili kumwona mpigaji mzuri. Alikuwa na wapigaji wa bendi mbili katika mji mmoja, kila upande ukijitahidi kumpita mwenzake. Jumamosi angeona mkono wa huyu unavyotembea kwenye shingo ya gitaa, na wiki inayofuata aone wa yule. Wakati mwingine shule ya kwanza ya mwanamuziki ni mtaa anaoishi, na mtaa wa Mbaraka ulikuwa shule ya kiwango cha juu.

Umeme waingia kwenye gitaa

Mbaraka alifika umri wa kupiga muziki wakati vyombo vyenyewe vinabadilika. Gitaa la zamani lilitegemea tumbo lake la mbao kutoa sauti. Katika ukumbi wenye saksofoni, ngoma na watu mia mbili wanaocheza, sauti hiyo ilimezwa. Gitaa la umeme lilitatua tatizo hilo.

Kwa anayeanza, ni vizuri kuelewa jinsi linavyofanya kazi. Chini ya nyuzi zake za chuma kuna sumaku ndogo zilizozungushiwa waya mwembamba sana wa shaba. Uzi ukitikisika juu ya sumaku, huzalisha umeme mdogo ndani ya waya ule. Umeme huo hupita kwenye kebo hadi kwenye amplifaya, ambayo huukuza na kuupeleka kwenye spika. Ndiyo maana gitaa la umeme likipigwa bila amplifaya hutoa sauti ndogo kama ya mbu, na ndiyo maana mpigaji anaweza kubadili sauti yake iwe nyororo au kali kwa kugeuza vitufe tu.

Sauti hiyo mpya ilikuja Tanganyika kwa nguvu kutoka Kongo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960, santuri na matangazo ya redio kutoka Léopoldville na Brazzaville yaliwaleta Franco na Dokta Nico kwenye masikio ya wapigaji wa Afrika Mashariki. Wazee wa huku kwetu magharibi, karibu na Ziwa Tanganyika, walizipata sauti hizo vizuri kwa sababu Kongo ni ng'ambo tu ya maji. Tabora nako kulikuwa na Kiko Kids ya Salum Zahoro, na baadaye Tabora Jazz iliyotamba kwa mtindo wa Segere Matata. Muziki huo ulitufikia Mpanda kwa redio na kwa reli ileile inayotoka Kaliua.

Kuingia Morogoro Jazz

Katikati ya miaka ya 1960 Mbaraka alijiunga na Morogoro Jazz. Hakuja na cheti cha muziki. Alikuwa mmoja wa wale vijana waliojifunza kwa sikio, kwa macho na kwa kurudia, na ndani ya miaka michache akawa mpiga solo wa bendi, mtunzi, mwimbaji na kiongozi wake.

Novemba 1965 Salum Abdallah alifariki dunia. Cuban Marimba iliendelea chini ya Juma Kilaza, na upinzani kati ya bendi hizo mbili uliendelea pia. Lakini sasa Morogoro Jazz ilikuwa na gitaa ambalo msikilizaji alilitambua kabla hajasikia jina la mpigaji.

Ili kuelewa kijana huyo alijifunzaje, ni lazima tueleze bendi ya dansi ilivyopangwa. Ilikuwa na magitaa kadhaa, kila moja na kazi yake. Besi lilishika msingi. Gitaa la ridhimu lilipiga kodi (hapa hatusemi kodi ya nyumba, tunasema nyuzi kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) na kulinda mwendo wa wimbo. Gitaa la pili lilirudia kifungu kifupi tena na tena, kikijibizana na ridhimu. Solo lilipita juu ya wote, likiimba pale mwimbaji anaponyamaza.

Mpangilio huo ulikuwa ngazi. Anayejifunza alipewa kazi anayoiweza, akakaa ndani ya wimbo usiku mzima, na kila usiku alisikia kwa karibu anachofanya mwenzake aliyemtangulia. Akikosea mwendo, wachezaji ukumbini walijikwaa na kiongozi alimgeukia papo hapo. Hakuna kitabu kinachosahihisha kwa kasi hiyo. Mazoezi ya mchana yalikuwa ya pamoja, na nyimbo hazikuandikwa kwenye karatasi za noti. Zilihifadhiwa kichwani na vidoleni.

Kuna jambo jingine ambalo kijana wa leo anaweza lisiingie akilini. Wapigaji wengi wa enzi hiyo hawakumiliki gitaa. Vyombo vilikuwa vya bendi, au vya mtu au chombo kilichoimiliki bendi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ilikuwa ya umoja wa wafanyakazi. Bendi nyingine zilikuwa za jeshi, polisi na taasisi za umma. Mpigaji alikuwa na mikono yake na masikio yake. Akiondoka, aliondoka na hivyo tu.

Hadi Osaka

Miaka iliyofuata Azimio la Arusha la 1967 bendi za dansi zilikuwa pia njia ya nchi kuzungumza na wananchi. Morogoro Jazz iliimba mapenzi, iliimba maisha ya mjini, na iliimba mambo ya taifa. Dk. Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alipouawa siku ya Krismasi mwaka 1971, Mbaraka alimtungia wimbo wa maombolezo. Kwa wasikilizaji wengi wa vijijini, wimbo ulikuwa taarifa ya habari yenye gitaa.

Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilikwenda Japani kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka, ya kwanza ya aina yake kufanyika barani Asia. Hebu tulipime jambo hilo. Miaka michache tu baada ya kuingia kwenye bendi, mpigaji wa Morogoro alikuwa amesimama mbele ya watu wa dunia nzima, akipiga muziki uliotokana na Cuba, Kongo na Uluguru. Jina la maonyesho hayo, Expo 70, likabaki kwenye moja ya nyimbo za bendi.

Katika kipindi hicho bendi zilitambulishana kwa mitindo. Western Jazz walikuwa na Saboso, NUTA walikuwa na Msondo, na jina la Mbaraka lilishikamana na Masika. Mtindo haukuwa jina la kupamba tangazo tu. Ulimaanisha namna fulani ya ngoma kutembea, magitaa kujibizana, na mwili kucheza. Solo la Mbaraka lilikuwa na sauti nyembamba, safi, inayopanda juu bila haraka. Mara nyingi lilifuata mwimbaji kama mtu anayeitikia hadithi. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, lakini hakujaza kila nafasi. Aliacha wimbo upumue.

Tunasisitiza hilo kwa wanaoanza, kwa sababu video nyingi za kwenye simu huwafundisha kasi kwanza. Aliyemsikiliza Mbaraka kwa makini atagundua kwamba kasi ilikuwa silaha yake ya mwisho. Aliitumia kwenye sehemu ya pili ya wimbo, kwenye chemko, wakati ngoma zimepanda na waimbaji wamenyamaza.

Super Volcano na njia ya Nairobi

Mwaka 1973 Mbaraka aliondoka Morogoro Jazz na kuunda bendi yake, Super Volcano. Huu ndio uamuzi mkubwa wa maisha yake ya kazi. Kiongozi na mtunzi wa bendi maarufu aliacha jina lililokuwa limejengwa kwa karibu miaka thelathini, akaanza na jina jipya. Kwa mpigaji wa enzi hiyo, kuondoka kulimaanisha kutafuta upya watu, vyombo, kumbi na mashabiki. Mashabiki walimfuata.

Kulikuwa na tatizo jingine lililowahusu wanamuziki wote wa Tanzania. Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi katika studio zake na kuzirusha hewani nchi nzima. Kwa hiyo mwanamuziki alijulikana kuanzia pwani hadi Mpanda. Lakini kanda ya redio haikuwa bidhaa dukani. Aliyetaka santuri yake iuzwe ilimbidi aende Kenya, ambako kulikuwa na studio za biashara na viwanda vya kuchapa santuri. Mbaraka na Super Volcano walirekodi Nairobi, na huko ndiko zilikotoka nyimbo zilizomfanya kipenzi cha Wakenya kama alivyokuwa kipenzi cha Watanzania. Wimbo wake Shida, unaozungumzia kukosa na kuhangaika, unaendelea kupigwa katika nchi zote mbili hadi leo.

Hapa ndipo lile onyo tulilolitaja mwanzo linapoingia. Jina lilikuwa kubwa, lakini mfumo wa kumlipa mtunzi kila wimbo wake unapopigwa ulikuwa bado haujasimama. Sheria ya hakimiliki iliyozaa chombo cha COSOTA ilipitishwa mwaka 1999, miaka 20 baada ya kifo chake. Kwa hiyo mwanamuziki aliishi kwa kusafiri. Bendi isiyozunguka haikula. Barabara zilikuwa sehemu ya kazi, usiku na mchana, kutoka ukumbi hadi ukumbi.

Januari 1979 Mbaraka alikuwa Kenya na bendi yake. Alifariki kwa ajali ya gari mjini Mombasa. Tanzania wakati huo ilikuwa katikati ya vita vya Kagera, na katika siku hizo nzito nchi ilipoteza pia gitaa lake maarufu kuliko yote. Baada ya kifo chake kampuni ya santuri ya Kenya ilitoa mfululizo wa albamu ulioitwa Ukumbusho, na kupitia albamu hizo watu waliozaliwa baada ya 1979 wamemfahamu.

Anayeanza leo Mwamkulu achukue nini?

Kwanza, gitaa peke yake halitoshi. Wengi wanaoliacha baada ya miezi mitatu hawaliachi kwa sababu vidole vimeshindwa. Wanaliacha kwa sababu wanapiga peke yao chumbani, na hakuna anayewasubiri. Mbaraka alikuwa na bendi iliyomsubiri. Mwamkulu haina ukumbi wa dansi kama wa Morogoro ya 1965, lakini katika vijiji vingi vya kwetu kuna kwaya zinazotumia magitaa na kinanda, na huko ndiko vijana wengi wanakojifunzia siku hizi. Kuna pia vikundi vya ngoma ambavyo mwendo wake ni darasa tosha kwa mkono wa ridhimu. Watu wawili wenye gitaa moja wanaopokezana, mmoja akipiga na mwenzake akigonga mwendo kwenye ndoo, watafika mbali kuliko watu wawili wenye magitaa mawili wasioonana.

Pili, anza chini ya ngazi. Jifunze kutyuni gitaa kabla ya jambo lolote. Kuna programu za bure za simu zinazosikiliza uzi na kuonyesha kama uko juu au chini. Kisha shika kodi tatu, kwa mfano C, F na G, na uzibadilishe bila mkono wa kulia kusimama. Nyimbo nyingi za dansi na za kwaya zinasimama juu ya kodi tatu tu. F itakusumbua, kama ilivyowasumbua wote. Ncha za vidole vya kushoto zitauma wiki za kwanza hadi zipate sugu. Dakika 20 kila siku zina faida kuliko saa tatu za Jumapili.

Tatu, sikiliza kama mtu anayesoma. Chukua wimbo mmoja wa Mbaraka na uusikilize mara nne. Mara ya kwanza fuata besi peke yake. Mara ya pili fuata ridhimu. Mara ya tatu tafuta lile gitaa linalorudia kifungu kifupi katikati. Mara ya nne ndipo ufuate solo. Utashangaa jinsi solo linavyoonekana jepesi ukishajua limekalia nini. Baada ya hapo jaribu kupiga ridhimu ya wimbo huo kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kuacha mwendo.

Nne, kuhusu hela ya mpunga. Kabla ya kununua gitaa lililotumika, litazame kwa kuweka jicho kwenye kichwa chake na kuangalia chini kama anayepima ubao. Shingo iliyopinda itakukatisha tamaa, maana nyuzi zitakuwa ngumu kukandamiza. Lichomeke kwenye amplifaya na uguse vitufe vyote, usikie kama kuna mikwaruzo au sauti inayokatika. Angalia pia kebo, kwa sababu mara nyingi chombo kinachodhaniwa kimeharibika kina kebo mbovu tu. Amplifaya kubwa si lazima mwanzoni. Gitaa la umeme bila spika linatosha kwa mazoezi ya usiku, na majirani watakushukuru. Kama fedha haifiki, usiuze mbegu ya msimu ujao kwa ajili ya gitaa. Tafuta kwaya au kikundi chenye chombo, uombe nafasi ya kujifunza, na ulipe kwa kufika mazoezini kwa wakati. Kizazi cha Mbaraka kilijifunza kwa vyombo vya bendi.

Na kwa wale watakaofika mbali, andikeni majina yenu kwenye nyimbo zenu na mzisajili COSOTA mapema. Huo ni ulinzi ambao mpiga solo wa Morogoro hakuwa nao.

Kazi za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz na Super Volcano bado zinapatikana, kwenye redio na kwenye simu. Ukizisikiliza wiki hii, anza na besi.